Kuingia inaingia: nilivyofunga shokapu za gari nyingine kwenye 109 yangu

Kuna neno moja mafundi wa hapa Dar wanalipenda kuliko hata hela: "inaingia". Muulize fundi kama taa ya gari fulani inafaa kwenye gari yako, anakuangalia kama umemtukana hivi, afu anakwambia inaingia bosi, we lete tu. Redieta inaingia, kiti cha Noah kinaingia, usukani unaingia. Na kweli vinaingia, maana mtu akishakuwa na grenda, tochi na mashine ya kuchomelea hakuna kitu chini ya jua kitakachokataa kuingia. Mi hilo neno lilinila laki moja na sitini, wiki mbili bila gari na breketi moja iliyopasuka (kile chuma kinachoshikilia shokapu kwenye gari), ndo maana leo nimekaa niandike, na nitaandika kirefu, kama una haraka soma usiku ukishakula.

Gari yenyewe ni Land Rover 109, Series III, hadtopu, petroli, injini ile ya lita 2.25 ambayo nikiiwasha asubuhi mtaa mzima wa Tabata unajua kumekucha. Kwa wasiozijua, Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na hiyo 109 ni inchi, ukipima toka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma. Hii nimeachiwa na baba mdogo. Yeye aliitumia miaka na miaka kubebea mihogo kule Kisarawe, na sera yake ya matengenezo ilikuwa moja tu, kitu ambacho hakijadondoka barabarani bado kizima. Shokapu hazikudondoka. Zilikuwa zinaning'inia pale zote nne, zimelowa mafuta ya miaka ile yakachanganyika na vumbi mpaka yakawa kama ugali mweusi, ndani hamna kitu.

Ikivuka tuta ilikuwa inainama na kuinuka mara nne tano, kama mtu anayesalimia safu nzima ya wazee kwenye kikao cha harusi. Ukishika breki kwenye taa za Buguruni pua inazama, ukiachia inanyanyuka, we uko ndani unapepesuka kama uko kwenye ngalawa na pwani yenyewe huioni. Tairi za mbele zikaanza kuliwa mabonde mabonde, siyo upande mmoja kama alaimenti imeharibika, hapana, kipande kimeliwa kipande kizima, kwa sababu tairi linarukaruka na kila likitua linajisugua palepale. Mama watoto alipanda mara moja tukaenda Chanika, kurudi akapanda daladala, na hapo sijatia chumvi. Oktoba 2024 kukawa na lile Tamasha la Land Rover Arusha, watu wametoka kila kona na magari yao, mi nikaliangalia kwenye simu nimekaa barazani na 109 iko mbele yangu imeegeshwa.

Sasa, nilianza na njia ya halali. Nikaenda Kariakoo, pale Gerezani, kutafuta shokapu za 109 zenyewe. Za Defender ziko tele, ukitaka hata kumi unapata, ila gari za aina hii Land Rover walizihamishia kwenye springi za koili (zile za kujiviringa) na ile One Ten ya 1983, iliyokuja kuitwa Defender, na ukiangalia shokapu ya mbele ya hizo gari ina nondo yenye nyuzi juu na nyingine chini, inasimama ndani ya mnara wake na unaikaza kwa nati. Ya 109 ina masikio, yani tundu juu na tundu chini, na inavalishwa ubavuni kwenye pini. Hapo hata fundi wa "inaingia" anakaa kimya. Duka moja wakanitolea boksi limefifia, ndani kuna shokapu yenye masikio kweli, ya 109 kweli, nikaivuta ikaja yote bila ubishi kama pampu ya baiskeli iliyokufa raba. Muuzaji ananiambia ikipata moto itakaza. Nikamwachia.

Njiani narudi ndo nikapita kwa fundi wa kwanza, simtaji, na wala sina ugomvi naye, tunasalimiana mpaka leo. Akaniambia kaka mbona unajitesa, shokapu ya nyuma ya Hilux ina masikio juu na chini, inaingia. Akatuma dogo, baada ya saa moja dogo karudi na nne za mtumba amezibeba begani kama kuni, elfu arobaini moja, wamesema ni za Hilux na mi nikaamini, sikuwa na namna ya kubisha. Ukweli masikio yalikaa. Pini ziliingia kwa kugonga kidogo. Jioni ile naendesha kurudi nyumbani nikajiona mjanja wa mji, gari imetulia, imekuwa ngumu kidogo lakini hainesi, nikapiga hata honi kwa watu nisiowajua.

Siku ya tatu nilikuwa nakata kile kipande cha vumbi toka Kinyerezi kwenda Kifuru, nikaingia shimo ambalo siku zote naliingia, si kubwa, la kawaida tu. Gari ikatoa mlio, kga! Chuma kwa chuma. Nikasimama, nikachungulia, sikuona kitu. Kesho yake tena, kga. Nikaanza kuzoea, unajua binadamu tulivyo, kelele ikirudia mara tatu inakuwa sehemu ya gari. Wiki ya pili nikasikia mlio mwingine, wa kugongagonga, safari hii nikaingia uvunguni na tochi ya simu nikakuta breketi ya juu ya shokapu ya mbele kulia imepasuka nusu, na pini ya chini imeinama kama kidole kinachoita mtu.

Nikampigia fundi. Akasema hiyo ndogo, tunachomelea, afu tuhamishe pini ya juu tuisogeze ndani ili shokapu ilale kidogo, ikilala inapata nafasi. Nikamwambia sawa, nakuja. Sikwenda. Kitu kilinikataa tu, na jirani yangu mwenye Canter akaniambia kabla hujachomelea chochote nenda kamwone mzee mmoja kule Tabata Dampo, wote pale wanamwita Babu, alizifanya sana hizi gari enzi zake. Nikamwomba dereva wa bajaji anitangulie, nikaenda taratibu.

Babu hakuangalia breketi kwanza. Alishika bampa ya mbele akainamisha gari kwa uzito wake wote (na uzito wenyewe ni wa kuku), gari ikagoma kuinama, akacheka. Akauliza, "Kijana, hizi shokapu ulizipima?" Nikamwambia zimeingia. Akarudia, "Sijauliza hivyo. Ulizipima?"

Nikamjibu hapana. Akanipa stuli nikae, na nadhani ile nusu saa iliyofuata ndo imenifundisha gari kuliko miaka yote niliyolipa watu kunitengenezea.

Kwanza akaniondoa ujinga ambao najua wengi tunao, kwamba shokapu ndo inabeba gari. Haibebi. Gari inabebwa na springi, zile bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine, na kazi ya springi ni kukubali kuinama na kurudi. Tatizo ikirudi hairudi mara moja, inapitiliza, inarudi tena, inapitiliza tena, ndo kule kusalimia wazee. Shokapu iko pale kuila hiyo nguvu. Ndani kuna pistoni imelowa kwenye mafuta, ina vitundu vidogo na valvu, pistoni ikisogea mafuta lazima yapite kwenye vitundu, na mafuta hayapendi kuharakishwa. Nguvu ya mrukaruko inageuka joto, joto linatokea kwenye bomba, linapeperuka na upepo. Basi. Babu alitoa shokapu moja akasema ibonyeze, nikaibonyeza, akasema ivute, kuvuta kukawa kugumu zaidi. Ndo inavyotakiwa kwa gari nyingi, maana wakati wa kubonyea springi yenyewe inasaidia kuzuia, ila wakati wa kurudi springi ndo adui, inasukuma, kwa hiyo shokapu inawekwa kali zaidi upande wa kurudi.

Afu akaja kwenye kosa langu. Akatoa shokapu zote mbili za mbele, akaweka gari imesimama kwenye tairi zake, akachukua futi kamba akapima toka katikati ya pini ya juu mpaka katikati ya pini ya chini. Sentimita 40. Akamwambia dogo wake aandike ukutani kwa chaki. Halafu wakapanga tairi mbovu tatu, tukapandisha gurudumu la kulia juu yake huku upande wa pili uko chini, tukaongezea na jeki mpaka ekseli, yani ule mhimili unaobeba magurudumu, ikagusa stopa, kile kidonge cha raba kilichofungwa chini ya chesesi, yani fremu ya gari. Akapima tena: 33. Mwisho wakainua chesesi yenyewe ekseli ikaachiwa ining'inie mpaka ilipogoma, 48. Namba tatu ukutani, 40, 33, 48.

Akaichukua ile shokapu ya Hilux, akaibonyeza mpaka mwisho, akapima sikio kwa sikio: 35.

Sijui kama umeiona, mi sikuiona mpaka aliponionyesha kwa kidole. Ekseli ya gari yangu ina ruhusa ya kupanda mpaka 33 ndo ikutane na raba, raba imewekwa makusudi ipokee kipigo. Shokapu yangu inaishia 35. Maana yake sentimita mbili kabla ya raba kufanya kazi yake, shokapu imeshakuwa nondo, na uzito wote wa mbele wa gari na lile liinjini la chuma unatua kwenye kipini kimoja chenye unene wa kidole. Ndo ile kga. Kila shimo nilikuwa natwanga breketi kwa nyundo, kwa mikono yangu mwenyewe, huku nimevaa miwani na kupiga honi.

Shokapu ya Hilux haina kosa lolote hapo, niseme hilo. Kwenye gari yake ina nafasi yake. Kosa ni mimi kukubali kwamba tundu likilingana basi kila kitu kimelingana.

Na ikiwa fupi sana nako ni balaa la aina yake. Ukiweka shokapu ambayo ikivutwa mpaka mwisho ina 45, wakati ekseli yako inataka kushuka mpaka 48, basi tairi likiingia kwenye mtaro ekseli nzima na tairi lake na springi vinaning'inia kwenye shokapu, inakuwa kamba. Itachomoka pistoni siku moja, au itang'oa pini. Babu anasema yeye anataka iliyobonyezwa iwe fupi kuliko kipimo cha stopa angalau kwa sentimita mbili, kwa sababu raba nayo inabonyea gari ikitua kwa kishindo, na iliyovutwa iwe imezidi kidogo tu ule mning'inio. Siyo izidi sana. Kwa springi bapa kama zangu, springi yenyewe inagoma kushuka kabla, lakini kwenye gari za koili shokapu ikiwa ndefu mno koili inaweza kulegea mpaka ikatoka kwenye kikombe chake, hiyo nimeiona kwa macho kwa mtu, simsemi.

Nikamuuliza vipi ile ya kuilaza. Akakunja uso. Akasema shokapu ukiilaza inapata nafasi kweli, ila inapoteza kazi. Ikisimama wima ekseli ikipanda sentimita kumi pistoni nayo inakwenda kumi. Ukiilaza pistoni inatembea kidogo, na ule ubishi kidogo inaoutoa nao unaelekezwa pembeni, hauzuii ekseli wote. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu kwa kalamu maana nilisoma fizikia zamani kabla sijaisahau: ukiilaza nyuzi 30 toka wima unabaki na robo tatu ya nguvu yake kwenye gurudumu, ukifika nyuzi 45 umebaki na nusu. Yani unanunua shokapu mbili unapata moja. Afu chesesi ya Land Rover hizi ni boksi la bati lililochomelewa, siyo chuma kizima, ukianza kuchomelea vipini hovyo unaichoma na kuifungulia kutu mlango.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikarudi Gerezani, ila safari hii nimebeba futi kamba na kikaratasi chenye namba, sina hata haja ya kutaja jina la gari. Ilikuwa vituko. Muuzaji anauliza ya gari gani, namwambia yenye masikio juu na chini, ikibonyezwa isizidi 31, ikivutwa iwe 49 hivi. Anarudia, ya gari gani? Namrudia namba. Duka la kwanza walinifukuza kistaarabu, wakasema tuna wateja wengi bro. La pili kijana akanielewa akaanza kunishushia maboksi mpaka kaunta haionekani, tukawa tunapima pamoja na akaanza kufurahia mwenyewe, anaita wenzake, njooni muone huyu jamaa ananunua shokapu kama kitambaa cha suruali.

Boksi la saba au la nane tukaipata. Mpya, ya gesi kidogo, ya kipikapu fulani cha Kijapani, imebonyezwa 31, imevutwa 49 na nusu. Elfu 85 moja, nikachukua mbili za mbele tu, hela ya nyuma ikawa haipo. Na hapa naomba mnisamehe, siandiki ni ya pikapu gani, makusudi kabisa, kwa sababu nikiandika najua kesho kuna mtu ataenda kuinunua kwa jina na kuifunga kwenye 109 iliyonyanyuliwa springi au iliyokaa chini kwa uzee, na namba zake siyo 40, 33, 48. Pima ya kwako.

Neno kuhusu hiyo gesi, maana wengi wanaogopa. Shokapu ya kawaida ya mafuta ina bomba ndani ya bomba, na sehemu ya juu kuna hewa. Ukiipeleka kwenye barabara mbovu muda mrefu hewa na mafuta vinachanganyika, linatokea povu, na pistoni ikipita kwenye povu haikutani na ubishi wowote, ndo maana unaona gari asubuhi iko sawa, baada ya saa mbili za rasta na mashimo inaanza kunesa, ikipumzika inarudi. Wakiweka naitrojeni yenye presha kidogo badala ya hewa, povu linachelewa. Haiinui gari kama watu wanavyosema, au inainua kiasi ambacho hutakiona. Hizi za bomba mbili usizifunge kichwa chini miguu juu, pistoni itavuta hewa badala ya mafuta, na kabla hujaifunga isimamishe wima uivute na kuibonyeza mara tano sita mpaka usikie ubishi unafanana mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu dukani ilikuwa imelala na hewa imezagaa. Dogo wa Babu aliifanya hii kazi kama anatwanga kisamvu.

Tatizo likawa bushi, kile kipande kinachokaa ndani ya sikio. Masikio ya shokapu mpya yalikuwa na bushi ya raba yenye bomba la chuma katikati, na tundu la hilo bomba halikuwa saizi ya pini ya Land Rover. Fundi wa kwanza angepiga dril. Kulikuwa na wazo la kwenda kwa mchongaji atuchongee bushi za naironi, na zinadumu kweli, ila ngumu, kila kokoto utaisikia mpaka kwenye meno. Babu akaikamata shokapu kwenye jiliwa, akatumia soketi mbili na bolti ndefu akaisukuma ile bushi nzima nje, ikatoka na sikio likabaki tupu. Akapima tundu la sikio, akapima raba za kawaida za 109, zile zilizokuwa zinauzwa vipande viwili viwili elfu mbili mia tano. Zilizidi kama milimita moja. Akasema hiyo ndo tunayotaka, raba lazima ibanwe.

Sasa kuingiza raba iliyozidi milimita moja. Mi nilikimbilia grisi. Babu akanigonga mkono, kweli kabisa, kama mtoto. Grisi na oili vinaila raba asilia, inavimba, inakuwa laini kama maandazi ya jana yaliyolowa chai. Akachukua kikombe cha plastiki, sabuni ya unga kijiko kimoja, maji kidogo, akakoroga kwa spana mpaka likawa povu zito, akachovya raba, akaiweka kwenye mdomo wa sikio akaisokota kwa kiganja huku anasukuma, ikateleza ikaingia na kamlio kadogo, pwii. Maji yakikauka raba inashika. Masikio manne, dakika kumi, kikombe kimoja cha povu. Kile kikombe kiko kwenye buti mpaka leo.

Pini iliyoinama akaibadilisha na sahani yake ya chini, ile inayobanwa na yu-bolti, niliipata ya mtumba. Breketi ya juu akaitoa, kumbe inafungwa kwa bolti, akanichongea nyingine kwa bati nene zaidi akatumia matundu yaleyale. Wosha pana nje, nati, spliti pini. Na kukaza akakaza gari ikiwa imesimama kwenye tairi zake, siyo inaning'inia kwenye jeki, ili raba ipumzike pale gari inapokaa siku zote, na akaishia pale raba ilipoanza kutokeza kidogo pembeni mwa wosha. Ukikaza mpaka mwisho wa nguvu zako raba inakuwa kama jiwe na itapasuka mapema.

Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutoa simu nimtumie hela. Akasema subiri. Akainua tena gari ekseli ining'inie, akaingia chini akashika paipu ya breki ya raba inayotoka chesesi kwenda kwenye ekseli, akaiminya kuona kama imevutika. Ilikuwa na ulegevu wa kama vidole viwili. Akaniambia watu wanaweka shokapu ndefu ili gari ionekane imepanda, ekseli inashuka kuliko zamani, siku moja gurudumu linaingia korongoni na paipu ya breki inachomoka, unatoka korongoni huna breki. Afu akakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kuangalia kama tairi linagusa shokapu. Haligusi. Hapo ndo akaosha mikono.

Jambo moja ambalo hatukuwa na namna ya kulipima kwa futi ni ukali. Urefu unapima, ukali wa valvu huwezi kuujua kwa macho. Babu alikuwa na mashaka kwamba zinaweza kuwa kali mno, kwa sababu springi bapa zenyewe zina ubishi wake, vile vibapa vinasuguana vikitembea na msuguano huo nao ni kama shokapu ndogo ya bure. Zikipata kutu ndiyo kabisa, hazitembei. Kwa hiyo tulizipiga brashi ya waya na mafuta ya grafaiti katikati, siku nzima, mgongo wangu unakumbuka.

Jaribio nililifanya mwezi uliofuata, tulikuwa na msiba upande wa Mloka, huko karibu na geti la Hifadhi ya Nyerere. Unashika Kilwa Road, Mbagala, Vikindu, Mkuranga mpaka Kibiti ni lami, pale unakata kulia unaingia vumbi. Barabara ile ina mawimbi kama bati la nyumba, kilomita na kilomita, na ndiyo inayoua shokapu kuliko mashimo, maana mashimo yanakuja moja moja, mawimbi hayapumziki. Nilishusha upepo wa tairi kidogo. Mama watoto alikuwa mbele, kakubali kupanda baada ya mapatano marefu, mashangazi wawili nyuma na ndoo zao.

Mbele ilikaa. Sijui niseme nini zaidi, ilikaa, usukani haukuchezacheza, kwenye mashimo inazama mara moja inarudi mara moja inatulia, na ule mlio wa kga sikuusikia hata mara moja. Nyuma ndo mashangazi walianza kulalamika baada ya saa moja hivi, wanasema mwanetu mbona huku tunarushwa kama bisi.

Tukasimama chini ya mwembe. Babu alikuwa amenipa mtihani mmoja wa bure, akasema ukishaendesha barabara mbovu muda mrefu shuka uguse shokapu zote nne, kwa mgongo wa mkono, kwa tahadhari maana zinaunguza. Inayofanya kazi ina moto, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza joto. Iliyokufa iko baridi. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi na shati la msibani. Mbele kulia, moto, nikatoa mkono haraka. Mbele kushoto, moto vilevile. Nyuma kulia, ile ya mtumba niliyokuwa sijaitoa, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nyuma kushoto nikaweka kiganja kizima nikakiacha, ilikuwa ya baridi kama chupa ya maji kivulini.

Shangazi mkubwa alikuwa ananiangalia toka dirishani, akauliza, "Unaipapasa nini, ina homa?"

Nikamwambia hapana shangazi, ingekuwa na homa ningefurahi.

Tuliporudi Dar nikapima nyuma siku hiyohiyo kabla sijaoga, kwa tairi mbovu zilezile nilizoazima kwa Babu. Imesimama 44, kwenye stopa 36, ikining'inia 54. Namba ziko kwenye kikaratasi kwenye mfuko wa shati, futi kamba iko kwenye buti na kile kikombe, na yule kijana wa duka la pili amenitumia meseji anasema Jumamosi nije mapema, kuna mzigo mpya umeshuka na yeye ameshaanza kuzipima.